Kulinganisha umethilishaji wa DNA kati ya tishu na kati ya watu: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kazi hii inawashinda wengi kwa namna ile ile. Mtu anapima damu ya makundi mawili, anapata maelfu ya nukta za DNA zinazotofautiana, anaandika ripoti, halafu mwingine anarudia kazi hiyo na kutoka mikono mitupu. Mara nyingi hakuna kilichobadilika ndani ya seli yoyote. Kilichobadilika ni mchanganyiko wa seli, jinsi, jenotaipu (tofauti za jeni alizorithi mtu), au slaidi ya kupimia ambayo sampuli iliwekwa. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili kila kimoja kati ya hivyo kikaguliwe kabla hujatamka neno "tofauti".

## Kwanza, elewa namba unayoisoma

Umethilishaji ni kundi la methili lililoshikizwa kwenye sitosini, herufi C ya DNA. Katika seli nyingi za binadamu, karibu wote hutokea pale sitosini inapofuatwa na guanini (G), yaani CpG. Jenomu ina CpG zipatazo milioni 28, na katika tishu nyingi asilimia 70 hadi 80 kati yake zina methili. Visiwa vya CpG vilivyo mwanzoni mwa jeni nyingi, kwa kawaida, havina.

Kwenye nakala moja ya DNA, CpG ina methili au haina. Hakuna nusu. Beta ya 0.30 haisemi kwamba kila seli imemethilishwa kidogo. Inasema kwamba asilimia 30 ya nakala zilizomo kwenye kichupa zina methili. Beta ni hesabu ya vichwa, na ukishalishika hilo makosa mengi utayaona mwenyewe kabla hujaonyeshwa.

Jambo la pili ni ukubwa wa tofauti. Kwenye nukta zinazotambulisha aina za seli, pengo kati ya seli mbili hufika 0.7 au 0.8. Tofauti kati ya watu ndani ya tishu moja, zile zinazohusishwa na ugonjwa au mazingira, mara nyingi ni 0.01 hadi 0.05. Atlasi iliyotolewa mwaka 2023, iliyosoma jenomu nzima ya aina 39 za seli zilizotenganishwa, ilikuta sampuli za seli za aina moja kutoka kwa watu tofauti zikilingana kwa zaidi ya asilimia 99.5. Yaani tishu ndiyo kubwa, mtu ni mdogo. Uchambuzi unaosahau uwiano huo utaita tofauti ya tishu kuwa tofauti ya mtu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Faili ghafi (IDAT) za chipu, yaani slaidi yenye probu, vipande vifupi vya DNA vinavyosoma CpG moja moja. Ziko mbili kwa kila sampuli: ya rangi nyekundu na ya kijani. Jedwali la beta lililokwisha kusawazishwa na mwingine halitoshi, kwa sababu hutaweza kukagua ubora.
- Jedwali la sampuli lenye namba ya mtu, tishu, umri, jinsi, uvutaji sigara, namba ya slaidi, nafasi kwenye slaidi na tarehe ya kutia bisulfaiti (kemikali inayotenganisha C zenye methili na zisizo nayo, hatua ya 3).
- Programu ya R pamoja na vifurushi minfi au sesame, limma, EpiDISH, variancePartition na missMethyl.
- Data ya rejea ya seli inayolingana na tishu yako: FlowSorted.Blood.EPIC kwa damu ya watu wazima, FlowSorted.DLPFC.450k kwa gamba la ubongo, na rejea ya pekee kwa damu ya kitovu.
- Orodha ya probu zenye tofauti za jeni na zinazonata sehemu zaidi ya moja.
- Kompyuta yenye RAM ya GB 16 kwa sampuli mia moja hivi. Zikizidi sana hapo, tafuta GB 64 au zisome kwa mafungu.

Huna sampuli zako? Hazina ya GEO ina data za wazi. GSE35069 ina seli za damu zilizotenganishwa kutoka kwa wanaume sita, na GSE40279 ina damu ya watu 656 wenye umri wa miaka 19 hadi 101. Fanyia mazoezi hapo kwanza.

## Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

Kuna maswali matatu yanayochanganywa, na kila moja lina mpango wake.

Tishu mbili hutofautianaje? Pengo ni kubwa, kwa hiyo watu watano au sita kwa kila tishu hukupa nukta nyingi za uhakika. Ile rejea ya damu ya wanaume sita, iliyochapishwa mwaka 2012, imetumika katika tafiti nyingi mno kwa sababu hiyo.

Watu hutofautianaje ndani ya tishu moja? Hapa watu sita ni bure kabisa. Chukua tofauti ya 0.05 kwenye nukta yenye mchepuko sanifu wa 0.05. Kwa kiwango cha p (uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo kwa bahati tu) cha 9 × 10⁻⁸, kinachotumika sana kwa chipu ya EPIC inayopima nukta zaidi ya laki nane, na uwezo wa kuigundua wa asilimia 80, unahitaji watu wapatao 77 kila kundi. Tofauti ikiwa 0.02 na mchepuko 0.04, idadi inapanda hadi 306 hivi kila kundi.

Je, tishu moja inaweza kuwakilisha nyingine? Lazima watu wale wale watoe tishu zote mbili. Damu ya kundi moja na ubongo wa kundi jingine havijibu swali hili hata sampuli zikiwa elfu.

*Umefaulu ukiweza* kusema ni kipi kinalinganishwa na kipi, na ni nini kinabaki vile vile pande zote mbili.

## Hatua ya 2: Panga sampuli kwenye slaidi kabla ya kugusa maabara

Slaidi ya EPIC hubeba sampuli 8, ya 450K, chipu iliyoitangulia, hubeba 12. Kila slaidi ina lafudhi yake, na nafasi ndani ya slaidi nayo huacha alama.

Mfano: watu 22, kila mmoja ametoa damu na mate, ni sampuli 44. Ongeza rudufu 4 za sampuli zilizokwisha kuwekwa kwingine, upate 48, yaani slaidi 6 za EPIC. Weka damu na mate ya mtu mmoja kwenye slaidi ile ile, kisha changanya nafasi kwa bahati nasibu. Wagonjwa na wazima wagawanywe sawa kwa kila slaidi.

Onyo. Ukiweka damu yote kwenye slaidi 1 hadi 3 na mate yote kwenye 4 hadi 6, hakuna hesabu itakayotenganisha tishu na slaidi. ComBat, programu ya kuondoa athari za slaidi, haitakuokoa. Itafuta tofauti halisi, au, ukiiambia ilinde tishu huku mpango haujasawazika, itakutengenezea tofauti zisizokuwepo.

Rudufu zile nne si anasa. Bila hizo huwezi kujua kelele ya mashine ni kiasi gani, na hatua ya 9 inasimama juu yake.

## Hatua ya 3: DNA na bisulfaiti

Chukua damu kwenye chupa ya EDTA. Heparini huzuia PCR, yaani kunakili DNA maabara. Pima DNA kwa njia ya mng'aro. Spektrofotomita huhesabu RNA pamoja na DNA na kukupa namba ya kujipendekeza. Anza na nanogramu 500 kwa bisulfaiti. Chipu ya EPIC inahitaji angalau nanogramu 250.

Bisulfaiti hugeuza sitosini isiyo na methili kuwa urasili, ambayo baada ya PCR husomeka kama T. Yenye methili hubaki C. Ugeuzaji unapaswa kufika asilimia 99 au zaidi. Ukifika 97 tu, nakala 3 kati ya 100 zisizo na methili zitaonekana kuwa nazo, na hiyo 0.03 ni kubwa sawa na tofauti unayoitafuta kati ya watu.

Bisulfaiti haitofautishi methili na hidroksimethili. Kwenye damu si tatizo kubwa. Kwenye ubongo ni tatizo, kwa kuwa nyuroni zina hidroksimethili nyingi pamoja na methili nje ya CpG. Ukilinganisha ubongo na damu, ama tumia bisulfaiti yenye hatua ya oksidishaji, ama andika wazi kwamba beta ya ubongo ni jumla ya vyote viwili.

Ukisoma jenomu nzima badala ya chipu, kitu cha kuangalia ni kina cha usomaji. Kwenye nukta yenye beta ya 0.5, kosa sanifu kwa usomaji 10 ni 0.16, kwa 30 ni 0.09, kwa 100 ni 0.05. Kina cha 10 kinatosha kutenganisha ini na damu. Kwa tofauti ya 0.03 kati ya watu, CpG moja moja hazitoshi. Unganisha CpG jirani au ongeza watu.

## Hatua ya 4: Kagua ubora

Soma IDAT, hesabu thamani za p za ugunduzi (zinaonyesha kama ishara ya probu inazidi kelele), na tupa sampuli ambazo zaidi ya asilimia 5 ya probu zimeshindwa kwa kiwango cha 0.01. Tupa pia probu zilizoshindwa kwenye sehemu kubwa ya sampuli.

Kisha chora mgawanyo wa beta wa kila sampuli. Tishu nyingi zina vilima viwili, kimoja karibu na 0 na kingine karibu na 0.9. Sampuli yenye kilima cha katikati ni ya kutiliwa shaka, ila usiikate upesi: kondo la nyuma kwa asili lina maeneo mapana yaliyomethilishwa nusu nusu, na uvimbe wa saratani hupoteza methili sehemu kubwa ya jenomu.

*Umefaulu ukiona* sampuli za tishu moja zikilaliana kwenye mchoro, na rudufu zikiwa haziachani.

## Hatua ya 5: Hakikisha sampuli ni ya mtu na ya tishu iliyotajwa

Hatua hii ndiyo wengi wanairuka, na ndiyo ya bei rahisi kuliko zote.

Jinsi: linganisha nguvu ya ishara ya kromosomu X na Y kwa getSex, kisha angalia kama inalingana na jedwali. Mtu: tumia probu za jenotaipu, 65 kwenye 450K na 59 kwenye EPIC ya kwanza. Damu na mate ya mtu mmoja lazima zifanane kwenye probu hizo karibu kabisa. Hapo hapo kumbuka kwamba faili hizi zinaweza kumtambulisha mtu, kwa hiyo zilindwe kama data za jeni.

Tishu: fanya uchambuzi wa vijenzi vikuu (PCA), unaokusanya tofauti kubwa za sampuli kwenye mihimili michache. Kijenzi cha kwanza kinapaswa kutenganisha tishu bila kubembelezwa. Sampuli ya "mate" iliyokaa katikati ya damu inaweza kuwa imebadilishana chupa, lakini inaweza pia kuwa mate yaliyojaa seli nyeupe. Hatua ya 8 itaamua.

Umri: endesha saa ya Horvath ya mwaka 2013, inayokadiria umri kutoka CpG 353, iliyoundwa kufanya kazi kwenye tishu nyingi. Kosa lake la kati lilikuwa miaka 3.6. Mtu wa miaka 25 akisomeka 60, kagua lebo kwanza. Ila mbegu za kiume husomeka changa mno na serebela husomeka changa kiasi; hayo si makosa ya maabara.

Onyo kwa wanaotumia EPIC v2. Majina ya probu yana mkia, mfano cg25324105_BC11, na baadhi ya nukta zina probu zaidi ya moja. Usipokata mkia na kuchukua wastani wa zinazojirudia, saa ya umri na rejea za seli hazitapata nukta zao. Programu nyingine hazilalamiki hata kidogo. Zinakupa tu jibu baya.

## Hatua ya 6: Chuja probu

Toa probu zinazonata sehemu zaidi ya moja ya jenomu. Kama kundi lako lina wanawake na wanaume, toa kromosomu X na Y au zichambue kwa kila jinsi peke yake. Kromosomu X moja ya mwanamke huzimwa, kwa hiyo visiwa vingi vya X husomeka karibu 0.5 kwa wanawake na karibu 0 kwa wanaume. Nukta nyingi zinazotangazwa kuwa "za ugonjwa" ni hizo, kundi moja lilipokuwa na wanawake wengi kuliko jingine.

Halafu kuna tofauti za jeni zilizo juu ya CpG yenyewe. Hapa inafaa kusimama.

Chukua CpG ambayo kwa kawaida ina methili. Mtu aliyerithi T mahali pa C kwenye nakala zote mbili hana sitosini ya kumethilisha, na beta yake inashuka karibu na 0. Aliyerithi T moja anasomeka karibu 0.5. Asiye nayo yuko 0.9. Chora histogramu ya watu mia mbili, utaona marundo matatu yaliyotengana. Ukiona marundo hayo, unasoma jenotaipu. Hata kama nukta hiyo ina p ndogo kuliko zote, haikuambii chochote kuhusu umethilishaji.

Orodha za kuchuja hutegemea kundi la watu lililotumika kuhesabu kiasi cha tofauti hizo. Watu wenye asili ya Afrika wana tofauti nyingi zaidi za jeni, kwa hiyo orodha iliyotengenezwa kwa watu wenye asili ya Ulaya itaacha probu mbovu nyingi. Tumia orodha ya kundi husika, kisha pitia kwa macho histogramu za nukta 50 za juu. Macho hukamata kilichopita kwenye chujio.

Usichanganye hilo na tofauti ya jeni iliyo mbali kidogo ambayo kweli inabadilisha umethilishaji. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2021 wa damu ya watu zaidi ya 32,000 ulikuta athari za jenotaipu kwenye asilimia 45 ya nukta zilizopimwa. Hizo hazitupwi. Zinaelezwa, na ukiwa na jenotaipu unaziingiza kwenye modeli.

## Hatua ya 7: Sawazisha, lakini si kwa njia yoyote tu

Chipu ina probu za aina mbili, na aina ya II ina upana mdogo wa beta kuliko ya I. Anza na Noob kuondoa ishara ya nyuma na kusawazisha rangi. Kwa watu wa tishu moja, hiyo pamoja na BMIQ, inayolinganisha aina hizo mbili za probu, inatosha.

Onyo. Usisawazishe tishu tofauti pamoja kwa njia ya kwantaili. Njia hiyo inadhani kila sampuli ina mgawanyo ule ule wa beta, kwa hiyo kondo la nyuma litalazimishwa lifanane na damu. Ukiwa na tishu nyingi, tumia Noob peke yake au usawazishaji wa funnorm unaotegemea probu za kidhibiti.

## Hatua ya 8: Kadiria mchanganyiko wa seli

Ukiwa na muda wa hatua moja tu ya kufanya kwa uangalifu, iwe hii.

Chukua nukta yenye beta ya 0.90 kwenye nyutrofili na 0.10 kwenye limfosaiti, aina mbili za seli nyeupe za damu. Mtu wa kwanza ana nyutrofili asilimia 60 na limfosaiti 40. Beta ya damu yake ni 0.60 × 0.90 + 0.40 × 0.10, sawa na 0.58. Wa pili ana nusu kwa nusu: 0.50. Tofauti ni 0.08, kubwa kuliko tofauti nyingi zinazotangazwa, na hakuna CpG hata moja iliyobadilika ndani ya seli yoyote. Mafua, msongo wa mwili au dawa za steroidi vinatosha kabisa kusogeza nyutrofili kiasi hicho. Sasa fikiria kundi zima la wagonjwa lenye uvimbe wa ndani dhidi ya kundi la wazima: kila nukta inayotambulisha nyutrofili itajitokeza, na zipo kwa maelfu.

Fanya hivi:

1. Kadiria sehemu za CD8T, CD4T, NK, seli B, monosaiti na nyutrofili (zote aina za seli nyeupe) kwa estimateCellCounts2 kwenye EPIC, au kwa EpiDISH.
2. Kwa estimateCellCounts2, hakikisha jumla ya kila mtu iko karibu na 1 (EpiDISH kwa kawaida huilazimisha iwe 1). Ikiwa 0.8 au 1.2, rejea hailingani na tishu yako.
3. Kama kuna hesabu ya seli iliyofanywa hospitalini siku ile ile, ilinganishe na makadirio.
4. Ingiza sehemu hizo kwenye modeli, ukiacha safu moja. Kwa kuwa zinajumlika kuwa 1, ukiziingiza zote modeli inayumba na kosa sanifu linavimba.

Tishu nyingine zina mitego yake. Mate ni seli nyeupe pamoja na seli za epithelia ya mdomo, na uwiano wake hubadilika sana kati ya mtu na mtu. Tumia rejea ya EpiDISH yenye epithelia na seli za kinga. Usufi wa ndani ya shavu una epithelia nyingi zaidi. Damu ya kitovu ina seli nyekundu zenye kiini, na rejea ya watu wazima haizijui. Ubongo hugawanywa kuwa nyuroni na glia, seli zinazozisaidia. Kipande kilichokatwa milimita chache pembeni, kwenye mada nyeupe, kina nyuroni chache, na tofauti hiyo ya kisu itaonekana kama tofauti ya mtu.

Kurekebisha hakumalizi kila kitu. Tuseme monosaiti ni asilimia 8 ya seli nyeupe, na nukta fulani imebadilika ndani yake kwa 0.50. Kwenye damu nzima utaona 0.04 tu. Modeli ya kawaida haitakuambia mabadiliko yametoka seli ipi. CellDMC, iliyomo ndani ya EpiDISH, hujaribu hilo kwa kupima mwingiliano wa kundi na sehemu za seli, lakini kwa seli chache kama monosaiti inahitaji watu wengi. Dawa ya kweli ni kutenganisha seli.

*Umefaulu ukiona* kijenzi kikuu cha mabaki (yasiyoelezwa na modeli) hakifuati tena nyutrofili, na orodha ya nukta imepungua. Ikipungua kutoka maelfu hadi kumi na mbili, usihuzunike. Hayo maelfu hayakuwa yako.

## Hatua ya 9: Gawa variansi kwa tishu, mtu na kelele

Badilisha beta kuwa M, yaani logi ya msingi wa 2 ya beta ÷ (1 − beta). M ina tabia nzuri zaidi kwenye majaribio. Beta ndiyo ya kuripoti, kwa kuwa inasomeka.

Kwa kila nukta, endesha modeli mchanganyiko yenye tishu, mtu na slaidi, uone kila kimoja kinabeba sehemu gani ya variansi, yaani mtawanyiko wa thamani. Umri na jinsi hukaa ndani ya mtu. Ukitaka kuvitoa, viingize peke yake. Matokeo yataangukia makundi manne:

- Tishu inatawala. Kati ya nukta zinazobadilika, nyingi huwa hapa.
- Mtu anatawala kwenye tishu zote. Nyingi ni za jenotaipu. Chache ni maeneo ambayo hali yake huwekwa mapema sana kwenye kiinitete, kabla tishu hazijagawanyika. Utafiti wa mwaka 2019 uliorodhesha maeneo 9,926 ya namna hiyo.
- Mtu anatofautiana ndani ya tishu moja tu. Hapa ndipo mchanganyiko wa seli hujificha. Rudi hatua ya 8.
- Mabaki yanatawala. Ni kelele. Nukta ambazo upana wake kati ya watu hauzidi 0.05 mara nyingi ziko hapa, na rudufu zako zitakuonyesha.

Linganisha kila nukta na rudufu. Mtu akipimwa mara mbili akatofautiana na nafsi yake kwa 0.03, tofauti ya 0.02 kati ya watu wawili haina maana.

## Hatua ya 10: Kujua kama damu inawakilisha tishu nyingine

Hapa kuna mtego ambao hata waliobobea huingia. Mtu anachukua damu na ubongo wa mtu mmoja, anakokotoa uhusiano (r) kwenye nukta zote laki nane, anapata r ya juu sana, kisha anatangaza kwamba damu inafaa.

Uhusiano huo hausemi lolote kuhusu mtu. Visiwa vya CpG viko chini kwenye tishu zote, miili ya jeni iko juu kwenye tishu zote, na r inapanda kwa sababu hiyo tu. Jaribu: linganisha damu ya mtu wa kwanza na ubongo wa mtu wa pili. Utapata karibu r ile ile.

Swali sahihi linaulizwa kwa nukta moja, kupitia watu. Je, wenye beta ya juu kwenye damu ndio wenye beta ya juu kwenye ubongo? Kokotoa r ya watu kwa kila nukta, baada ya kurekebisha seli kwenye tishu zote mbili. Nukta nyingi zitatoka karibu na sifuri. Zile za juu, chora histogramu zake. Marundo matatu yakijitokeza, ni jenotaipu inayosafiri na mtu kwenye kila tishu.

Damu bado ina kazi yake: kama alama ya kupimia, hata bila kuwakilisha tishu nyingine. Nukta ya cg05575921 kwenye jeni ya AHRR hushuka kwa wavutaji sigara na ni kipimo kizuri cha uvutaji. Si lazima kinachotokea kwenye damu kiwe kinatokea kwenye pafu.

## Hatua ya 11: Jaribu nukta, kisha thibitisha

Endesha limma, kifurushi cha kujaribu tofauti nukta kwa nukta, kwa M, ukiingiza umri, jinsi, uvutaji, sehemu za seli na slaidi. Kabla ya kutazama swali lako, tazama majibu yanayojulikana. Ukipima umri, cg16867657 ya ELOVL2 inapaswa kuwa juu na kuongezeka kadiri umri unavyopanda. Ukiwa na wavutaji wa kutosha kwenye damu, AHRR iwe juu. Zisipoonekana, kuna kitu kimeharibika nyuma, na hakuna nukta mpya inayostahili kuaminiwa.

Ukifika kwenye uchambuzi wa makundi ya jeni, tumia gometh ya missMethyl. Jeni zenye probu nyingi hujitokeza kirahisi zaidi, na njia ya kawaida itakuambia kila ugonjwa unahusu jeni ndefu za neva.

Uthibitisho uwe kwa watu wengine na, ikiwezekana, kwa njia nyingine. Pairosekwensi, usomaji wa kipande kifupi cha DNA herufi kwa herufi, kwenye nukta chache inatosha. Usiweke praima (kipande cha kuanzishia PCR) juu ya CpG, kwa sababu itachagua nakala zenye methili au zisizo nayo. Tengeneza viwango vya asilimia 0, 25, 50, 75 na 100 kwa kuchanganya DNA iliyomethilishwa na isiyomethilishwa, vipitishe njia nzima tangu bisulfaiti, kisha chora mstari. Ukinyooka, endelea. Ukilala chini katikati, kiwango cha 50 kikisomeka 35, PCR inapendelea nakala zisizo na methili: pandisha joto la kunata au badilisha praima, urudie viwango, ndipo ufungue sampuli za watu.